Usukani Upande wa Kushoto: Kupanga Mapumziko ya Gari na Manunuzi, Dubai hadi Maskati

Kwa miaka mingi Dubai imetufikia ndani ya marobota. Mteja wa Kariakoo, Eastleigh au Darajani ameshanunua simu, mapazia na vipuri vya Dubai bila kupanda ndege. Sasa wanaosafiri si wafanyabiashara peke yao. Mke na mume wanaomba likizo, wanawaacha watoto kwa bibi, wanakwenda siku tisa au kumi: watembee, wakodi gari, wavuke hadi Omani, warudi Dubai kununua vya nyumbani. Kijitabu hiki ni chao.

Wengi wao hutuambia wanataka safari isiyo na ratiba. Wanataka wakipenda mahali walale hapo, wasipopenda waondoke. Hilo linawezekana, na ndiyo raha ya kuwa na gari lako. Lakini kuna mambo matano ambayo ukishafika huko huwezi tena kuyarekebisha, au utayarekebisha kwa gharama kubwa: viza, kibali cha udereva, kadi ya benki, karatasi za kuvuka mpaka, na siku mbili za mwisho. Yamalize hayo ukiwa nyumbani, na mengine yote unaweza kuyabadili asubuhi ukiwa unakunywa chai.

Kabla ya kukata tiketi

Anza na viza, kwa sababu hapo ndipo safari nyingi za namna hii hukatikia. Viza ya utalii ya Umoja wa Falme za Kiarabu hutolewa ya kuingia mara moja au mara nyingi. Ya mara moja ni nafuu, na mawakala wengi wataanza kukuuzia hiyo usipowaeleza mpango wako. Sasa chukua mfano wa wanandoa kutoka Tanga ambao wametua Dubai, wamekodi gari, na siku ya nne wameamua kwenda Maskati. Viza yao ni ya kuingia mara moja. Dakika wanayogongewa muhuri wa kutoka mpakani, viza hiyo imekwisha kazi. Tiketi yao ya kurudi inaondokea Dubai, na mizigo waliyonunua iko hotelini Dubai, lakini wao wako Omani na hawana ruhusa ya kurudi. Kama kuna hata dalili ya kwenda Omani, omba viza ya kuingia mara nyingi, na shughulikia ya Omani kabla hujaondoka. Viza ya nchi moja haikuingizi nchi nyingine, hata kama ni majirani.

Jambo la pili ni leseni. Leseni zetu za Tanzania na Kenya haziwezi peke yake kumruhusu mgeni kuendesha gari huko. Unahitaji kibali cha kimataifa cha udereva, kile kijitabu kinachotolewa na chama cha magari, AA, katika nchi yako. Kinaombwa nyumbani, wala hakitolewi uwanja wa ndege wa Dubai. Beba kibali na leseni yenyewe pamoja, maana kimoja bila kingine hakisaidii.

La tatu ni kadi. Kampuni nyingi za kukodisha magari hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, wala si ya mwenzake. Hushikilia humo kiasi cha fedha kama amana, na amana hiyo hairudi siku unayokabidhi gari. Inaweza kukaa wiki mbili hadi nne, kwa sababu faini za kamera na ada za barabara huchelewa kuingia kwenye mfumo. Kwa hiyo usipange kununulia friji fedha hiyo iliyoshikiliwa. Ihesabu kama haipo.

Dokezo la mizigo ya kwenda, ambalo ni zito kuliko linavyoonekana: miraa, au mirungi, ni dawa ya kulevya kwa sheria za Falme za Kiarabu. Usibebe hata kwa zawadi, hata kwa kubebeshwa na jirani. Dawa za hospitali zenye kodeini au tramadoli nazo zinadhibitiwa vikali, na zinahitaji idhini ya mamlaka za afya za huko kabla ya kuingia nazo.

Usikodi gari usiku wa kuwasili

Huu ni ushauri wetu, na tunausisitiza. Kutoka Dar es Salaam au Nairobi ni kama saa tano angani. Unashuka umechoka, barabara ya kutoka uwanjani ina njia nyingi, na magari yanaendeshwa upande wa kulia wa barabara. Siku mbili za kwanza tumia metro na teksi. Vuka Khor, mkono wa bahari unaopita katikati ya mji, kwa abra, ile boti ya mbao, kwa dirhamu 1. Zunguka Deira, eneo la masoko, kwa miguu, uliza bei, andika kwenye daftari, usinunue kitu. Gari ukiwa Deira ni mzigo: maegesho ni ya kulipia, na unapopita chini ya malango ya Salik, yaani ya ushuru wa barabara, unakatwa dirhamu 4 au 6 kutegemea saa. Gari lichukue asubuhi ya siku ya tatu, ukiwa umelala vizuri.

Unapokabidhiwa gari, usikubali kuharakishwa. Piga video ukizunguka polepole: milango, kingo za bampa, rimu zote nne, kioo cha mbele, tairi la akiba, kisha dashibodi ionyeshe kilomita na mafuta. Soma bima. Hata ile bima kubwa mara nyingi ina kiasi ambacho utakilipa mwenyewe gari likigongwa, na mara nyingi haigusi tairi na vioo. Hapo hapo pokea barua ya idhini ya kulivusha gari kwenda Omani pamoja na bima inayotambulika Omani. Si kila kampuni hukubali magari yake yavuke, na barua huchukua muda kuandaliwa, kwa hiyo liseme hilo siku unayoweka oda, na uthibitishiwe kwa maandishi.

Kisha keti kwenye kiti cha dereva, kwenye maegesho, kwa dakika kumi bila kuondoka. Usukani uko kushoto. Mkono wako wa kushoto utatafuta gia na kugusa mlango. Indiketa, ambayo kwenye magari yetu mengi ya Kijapani iko kulia, sasa iko kushoto, na kwa siku nzima ya kwanza utataka kukata kona na badala yake utawasha waipa kwenye kioo kikavu. Hiyo si hatari sana. Hatari ni kipilefti. Jina lenyewe tulilolizoea linakudanganya, kwa sababu huko unaingia kwa kukunja kulia, unazunguka kinyume na saa, na unawapisha wanaotoka kushoto kwako. Kosa la pili hutokea asubuhi na mapema, barabara ikiwa tupu, unapotoka sheli au hotelini na hakuna gari la kufuata: mwili unarudi upande wake wa kushoto wenyewe. Mwambie anayeketi pembeni awe anasema "kulia" kila mnapotoka mahali. Kwa siku tatu za mwanzo hiyo ni kazi yake rasmi.

Kamera ni nyingi na hazina mazungumzo. Kutumia simu mkononi ukiendesha ni dirhamu 800. Kupita taa nyekundu ni dirhamu 1,000 na gari kuzuiliwa siku 30, na gari hilo si lako. Usijifunze mwendo kwa kuwafuata madereva wa Dubai ukauhamishia Abu Dhabi. Huko, tangu 2018, kamera inahesabu kikomo kile kile kilichoandikwa kwenye kibao, bila nyongeza. Pombe na usukani havikutani kabisa, hata glasi moja.

Ukigongana na mtu, hata mkwaruzo mdogo, usimalizane naye pembeni. Bila ripoti ya polisi bima haitalipa, na gereji haitaligusa gari. Piga 999 ukiwa Falme za Kiarabu, 9999 ukiwa Omani.

Barabara ya Omani

Dubai hadi Maskati kupitia mpaka wa Hatta ni kama kilomita 450. Hesabu saa tano za barabarani na uongeze muda wa mpakani, ambao siku za sikukuu hauna makadirio. Novemba hadi Machi ndiyo miezi ya kusafiri. Kuanzia Juni hadi Septemba joto hupita nyuzi 40, na kutembea sokoni mchana ni mateso.

Fedha ya Omani inahitaji tahadhari yake. Rial 1 ni kama dola 2.60, au takriban dirhamu 9.5, nayo hugawanywa baisa 1,000. Ukitoka Dubai ambako vitu ni mamia ya dirhamu, ukaona kanzu imeandikwa 20, mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Ishirini hiyo ni dola 52. Zidisha kwa kalamu mpaka uzoee.

Tunapenda watu wafike Maskati kwa sababu nyingine pia. Katika Soko la Mutrah, ukiuliza bei ya ubani kwa Kiswahili, usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili. Familia nyingi za huko zina mizizi Zanzibar na pwani yetu, na mzee mwenye duka anaweza kukuuliza unatoka mtaa gani kabla ya kukuuliza unataka nini. Msalimie kwanza, mjulie hali, kisha bei. Ubani unaotoka Dhofar hupangwa kwa daraja: ulio mweupe wenye kuelekea kijani ni ghali zaidi, wa kahawia ni nafuu na kwa kufukizia nyumba unatosha. Haluwa nunua mwisho. Maduka mengi ya sokoni hufungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri, hivyo mchana ndio wakati wa kulala au kuwa njiani.

Kama ratiba yako inaruhusu, iwe Alhamisi usiku umelala Nizwa, kama kilomita 160 kutoka Maskati. Ijumaa asubuhi kuna mnada wa mifugo: wenye mbuzi wanazunguka duara na wanyama wao, wanunuzi wamekaa na kusimama pande zote mbili, bei zinatajwa wakitembea. Ufike jua likichomoza, maana mapema tu mambo yamekwisha. Kutoka hapo wengi hutamani kupanda Jebel Akhdar. Polisi wapo njia ya kupandia, Birkat al Mawz, na gari lisilo la kuvuta tairi zote nne hurudishwa. Ukitaka mlima, kodi gari la aina hiyo tangu Dubai.

Wadi, yaani mkondo mkavu, haivukwi ikiwa na maji. Mvua inaweza kunyesha milimani usiione, na maji yakafika ulipo kwa dakika chache. Kulivusha gari humo ni kosa la jinai Omani, na kila mwaka watu hufa hivyo. Subiri upande ulipo, hata kama ni kulala hapo. Ndiyo maana tunasema hoteli za Omani usizilipie zote mapema. Tafuta zile unazoweza kufuta bila kukatwa.

Siku mbili za kununua

Rudisha gari ukiwa na angalau siku mbili kamili Dubai. Sasa daftari lako la bei linafanya kazi. Kwa vifaa vya nyumba, vigae na taa, kuna Dragon Mart, jengo refu la zaidi ya kilomita moja, hivyo andika namba ya duka la sivyo hutaliona tena. Kwa nguo, soko la Naif huko Deira na mitaa yake. Kama mzigo ni mkubwa, uliza Deira wakala wa kuchangia kontena au wa ndege kwa kilo, na pata bei iliyoandikwa inayosema wazi kama ushuru wa nyumbani umo au haumo.

Dhahabu tunaieleza kwa urefu kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea. Bei ya gramu hutangazwa kila siku, kwa karati 24, 22, 21 na 18, na hiyo haina mjadala. Kinachojadiliwa ni ufundi, yaani malipo ya kazi ya sonara. Ataweka bangili kwenye mzani, atabonyeza kikokotoo haraka na kukuonyesha jumla moja. Usijibu jumla hiyo. Mwombe aandike mstari kwa mstari: uzito, karati, bei ya gramu ya leo, ufundi, kodi. Kama kuna mawe, uzito wake utolewe. Kisha punguza ule mstari wa ufundi. Bangili zenye nakshi nyingi hubeba ufundi mkubwa, na siku utakayoziuza nyumbani hakuna atakayekurudishia.

Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 5, na mtalii hurudishiwa sehemu yake. Duka liwe kwenye mpango huo, ununue si chini ya dirhamu 250, utoe pasipoti wakati wa kulipa, wala si baadaye. Kitu cha dirhamu 1,050 kina kodi ya dirhamu 50. Unarudishiwa asilimia 85, yaani 42.50, ikikatwa ada ya 4.80 unabaki na 37.70. Uwanjani nenda kwenye dawati la marejesho kabla ya kukabidhi mabegi, maana wanaweza kutaka kuiona bidhaa, na begi likishaingia tumboni mwa ndege huna la kuwaonyesha.

Risiti zote ziweke kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa zimepangwa, kwa ajili ya maofisa wa forodha utakapotua. Ukibeba fedha taslimu zinazofikia dola 10,000, zitangaze. Na usiku wa kufunga mizigo, vitoe vitu kwenye mifuko ya plastiki ya madukani na uiache hotelini. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar mapema zaidi. Kitu kimoja tu kinunue Naif siku zile mbili za mwanzo: begi la turubai lenye zipu. Litakaa chini ya nguo wakati wa kwenda Omani, na kurudi nyumbani litabeba ile haluwa.