Baiskeli, Muziki na Masikio

Sisi wapenda baiskeli tuna raha zetu ndogo ndogo. Jua likishapoa tunatoka shamba. Tunafunga redio kwenye usukani, tunafungulia muziki wa dansi. Kwenye mteremko tunaacha kukanyaga pedali, upepo unatupiga usoni. Njiani tunanunua muwa, tunautafuna chini ya mwembe. Raha hizi hazina gharama.

Lakini juzi tuliponea chupuchupu. Redio ilipiga wimbo wa marehemu Mbaraka Mwinshehe, nasi tukaongeza sauti. Lori likaja nyuma, likapiga honi. Hatukusikia! Tulishtukia linatupita karibu kabisa, tukaangukia mtaroni. Hapo tukakumbuka kwamba hata mwimbaji huyo alikufa kwa ajali ya gari, kule Mombasa, mwaka 1979.

Tumejifunza nini? Mwendesha baiskeli haoni nyuma. Masikio ndiyo macho yake ya nyuma. Kwa hiyo, ndugu msomaji:

1. Kwenye barabara kuu tuzime redio. Tuifungulie njia za shambani, tena kwa sauti ndogo.

2. Tusizibe masikio kwa visikilizio vya simu.

3. Tupite upande wetu wa kushoto.

4. Tuisikilize baiskeli yenyewe. Cheni ikilia kwi-kwi, inataka mafuta. Breki ikikwaruza, mpira wake umekwisha.

Wimbo utapigwa tena kesho. Uhai haurudiwi.

Maswali: Kwa nini tuzime redio kwenye barabara kuu? Je, baiskeli yako inalia wapi?