Mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe

*Mvua ya mawe imechanachana mahindi yangu yenye majani matano. Asubuhi kuna baridi, na majani yamepauka. Je, yameungua kwa baridi? Ning'oe nipande upya?*
*Mama Mkulima, Bweranyange*

Pole sana, mama. Using'oe kwanza. Baridi ya huko kwenu Karagwe haifiki kugandisha majani. Baridi ya kugandisha, yaani sakitu, ni ya nyanda za juu kama Kitulo, Makete. Weupe unaouona ni jani lililopondwa na mawe likakauka.

Mahindi ya umri huo bado yana kiini chake chini ya udongo, mawe hayakukifikia. Ngoja siku 5 hadi 7, kisha ng'oa miche michache, upasue shina kwa urefu hadi mizizini. Kiini kikiwa cheupe na kigumu, mche u hai. Kikiwa cha kahawia na chororo, umekufa. Usikate majani yaliyochanika, bado yanaulisha mche. Yaliyojisokota nayo mara nyingi hufunguka yenyewe.

Kama umechanganya na maharage, hayo ndiyo yananitia wasiwasi: yaliyokatika chini ya majani ya mbegu hayachipui tena.

Mashina yakianza kuoza na kunuka, au miche mingi ikiwa imekufa, mwite afisa ugani aje shambani kabla mvua hazijaisha.