KAZI YA DAKTARI ANYOOSHAYE MACHO YA MAKENGEZA

Wazee husema, "Ukipenda, chongo huita kengeza." Maana yake ni kwamba mapenzi huipunguza kasoro, hata asiyeona kwa jicho moja akaambiwa ana makengeza tu. Lakini katika elimu ya macho methali hii yaweza kugeuzwa. Kengeza la mtoto lisipotunzwa mapema laweza kuwa chongo kweli, ingawa jicho lenyewe, ukilitazama, ni zima wala halina kidonda. Katika somo hili twaeleza jinsi jambo hilo litokeavyo, tena twaeleza kazi ya daktari mpasuaji ajifunzaye kuyanyoosha macho ya namna hiyo.

Tuchukue mfano wa mzazi akaaye Matasia, katika Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara itokayo Ngong kwenda Kiserian. Mtoto wake ana umri wa miaka mitatu, na jicho lake la kushoto huelekea puani. Jirani wa kwanza amwambia kuwa hiyo ni bahati njema. Wa pili amwambia angoje, maana mtoto akikua jicho litanyooka lenyewe. Wa tatu amwonya asiende hospitali, kwa kuwa huko jicho hutolewa nje, likawekwa mezani, kisha likarudishwa. Majirani hao hawana nia mbaya, lakini akiwafuata, mtoto ndiye atakayelipa.

MISULI SITA

Kila jicho huongozwa na misuli sita, kama ng'ombe aongozwavyo kwa kamba. Minne hulivuta juu, chini, kulia na kushoto. Miwili hupita kimshazari na kulizungusha. Ubongo ndio uishikao kamba hiyo, nao huyaamuru macho mawili yatazame mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kamba moja ikivuta kupita nyingine, au amri ya ubongo isipofika sawasawa, jicho moja hutazama kitu na la pili hutazama kando. Hayo ndiyo makengeza. Jicho laweza kuelekea puani, au masikioni, au juu, au chini. Katika kila watu mia moja, wawili hadi wanne huhesabiwa kuwa nayo, nayo hupatikana katika kila taifa na kila kabila.

JICHO LISILOTUMIKA

Macho yasipotazama pamoja, ubongo hupokea picha mbili zisizolingana. Mtu mzima apatwaye na hali hiyo huona vitu viwili viwili. Ubongo wa mtoto ungali unajifunza, kwa hiyo hutafuta njia nyepesi: huikataa picha ya jicho lililopinda. Siku zikipita, jicho hilo husahauliwa. Madaktari huliita jicho vivu. Likiachwa hivyo mpaka mtoto apite umri wa miaka saba au minane, huwa vigumu sana kulifundisha tena.

Hasara yake si ya sura peke yake. Macho mawili yatazamapo pamoja ndiyo yatupayo kipimo cha umbali. Atungaye shanga, atiaye uzi katika sindano, amiminaye chai katika kikombe, na arukaye mtaro, wote hutegemea kipimo hicho. Tena, mwenye jicho moja tu lifanyalo kazi, siku jicho hilo likichomwa na mwiba hubaki gizani.

DAKTARI HUFANYA NINI?

Daktari hodari hakimbilii kisu. Kwanza hupima kila jicho peke yake, kisha hutia matone yafunguayo mboni ili achungulie ndani na kupima kama miwani yahitajika. Watoto wengine hupata makengeza kwa sababu macho yao hujikaza mno ili yaone vizuri, na kwa kujikaza huvutwa kuelekea puani. Hao, miwani peke yake yaweza kuwatosha.

Pili, ikiwa jicho moja limekuwa vivu, jicho zima hufunikwa kwa kibandiko kwa saa kadhaa kila siku, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Mwanachuoni Buffon wa Ufaransa aliieleza njia hii tangu mwaka 1743, nayo yatumika hata leo. Mtoto atalia na kutaka kukibandua. Hapo saburi ya mama na baba hufanya kazi ambayo daktari hawezi kuwafanyia.

Tatu ni upasuaji, kwa wale wanaouhitaji. Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi. Jicho halitolewi mahali pake hata kidogo. Daktari hufungua ngozi nyembamba ifunikayo sehemu nyeupe, akautafuta msuli. Ule uvutao mno husogezwa nyuma, na ule ulio dhaifu hufupishwa, kisha hushonwa kwa uzi mwembamba uyeyukao wenyewe. Vipimo vyake ni vya milimita, na kosa la milimita moja laweza kuonekana usoni. Baadaye jicho huwa jekundu kwa majuma kadhaa. Wagonjwa wengine huhitaji kupasuliwa mara ya pili, na hilo si ajabu. Lakini ijulikane kwamba kunyoosha jicho peke yake hakulirudishii uwezo wa kuona. Kibandiko na miwani huenda vikaendelea.

ULIVYOANZA UPASUAJI HUU

Tarehe 26 Oktoba, 1839, katika mji wa Berlin, daktari Johann Friedrich Dieffenbach alimpasua mvulana wa miaka saba, akamnyoosha jicho. Habari zikaenea Ulaya upesi. Siku zile dawa ya usingizi ilikuwa bado. Etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston mwaka 1846. Zaidi ya hayo, wapasuaji wa kwanza waliukata msuli bila kuupima wala kuushona mahali pengine, na macho mengi yaliyokuwa yakielekea puani yakaja kuelekea masikioni. Kwa makosa hayo elimu ikakua. Mwaka 1989 Marekani iliidhinisha pia dawa ya sindano ilegezayo msuli kwa miezi kadhaa, matokeo ya kazi ya daktari Alan Scott wa San Francisco.

NJIA YA KUWA DAKTARI WA NAMNA HII

Kijana atakaye kazi hii na ajue kuwa njia ni ndefu. Baada ya shule ya sekondari, ambako hana budi kufaulu vizuri katika sayansi na hesabu, husomea udaktari kwa muda wa miaka sita hivi. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha madaktari tangu mwaka 1967. Kisha hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi wa wakubwa. Baadaye hurudi chuoni kusomea macho kwa miaka kadhaa, na mwisho hujifunza macho ya watoto na makengeza chini ya bingwa wa kazi hiyo. Chuo cha madaktari wa macho wa Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, kiitwacho COECSA, kiliundwa mwaka 2012 ili mafunzo na mitihani ya nchi hizi ilingane.

Wala daktari hafanyi kazi peke yake. Yuko mpimaji miwani, muuguzi, mtaalamu wa dawa ya usingizi, na maofisa wa tiba waliosomea macho, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kumwona mgonjwa katika hospitali za kaunti.

Mkaaji wa Matasia hayuko mbali na msaada. Kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu kilianza mwaka 1975, na Nairobi iko Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, iko KCMC mjini Moshi na CCBRT mjini Dar es Salaam.

YAMPASAYO MZAZI

1. Macho ya mtoto mchanga huweza kutangatanga. Yakiwa bado yamepinda baada ya miezi minne, mpeleke akapimwe. Wengine huonekana wamepinda kwa sababu ya upana wa pua tu, lakini mwachie mpimaji aamue.

2. Mfunike mtoto jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Akitulia ukifunika moja, bali akilia na kuusukuma mkono ukifunika jingine, huenda lile la kwanza halioni vizuri.

3. Ukiona weupe ndani ya mboni, kama jicho la paka limulikwalo usiku, usingoje hata juma moja. Huenda ni saratani ya jicho, iuayo watoto, nayo ikitambuliwa mapema mtoto aweza kupona.

4. Mtu mzima apatwaye na makengeza kwa ghafla, au aonaye vitu viwili viwili, na aende hospitali siku hiyo hiyo. Yaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu au ubongo.

5. Mtu mzima aliyekaa na makengeza tangu utotoni asikate tamaa. Macho yake yaweza kunyooshwa hata sasa, ingawa jicho lililosahauliwa huenda lisipate tena nguvu zake zote.

Samaki mkunje angali mbichi. Yule mzazi wa Matasia ana miaka minne au mitano tu ya kuliokoa jicho la mwanawe, na kila mwezi atakaopoteza kwa maneno ya majirani haurudi. Kesho asubuhi na amchukue mtoto, aende naye.