Lenzi za Kuvaa Jichoni: Uchaguzi na Utunzaji Wake

Konea ni utando mwangavu ulio mbele ya jicho, nao hufanya kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Uwezo wa jicho zima wa kupinda miale ya nuru ni dayopta 60 hivi, na zaidi ya 40 kati ya hizo hutokana na konea. Ili nuru ipite bila kizuizi, konea haina mishipa ya damu. Seli zake hupata sehemu kubwa ya oksijeni kutoka hewani, baada ya gesi hiyo kuyeyuka katika machozi. Basi anayevaa lenzi juu ya konea huwa ameweka kifuniko juu ya kiungo kinachopumua. Kanuni zote za kuchagua na kutunza lenzi hizo zina msingi wake hapo.

Kutoka kioo hadi plastiki laini

Mwaka 1888 daktari Mjerumani Adolf Fick alieleza lenzi za kioo zilizofunika hata sehemu nyeupe ya jicho. Zilivumilika kwa saa chache tu. Mwaka 1961 mkemia Otto Wichterle wa Chekoslovakia alitengeneza nyumbani kwake lenzi za plastiki laini inayofyonza maji, kwa mashine aliyoiunda kwa vipande vya chuma vya kuchezea watoto na dinamo ya baiskeli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaja lenzi laini zenye silikoni, ambazo hupitisha oksijeni nyingi zaidi.

Aina za kuchagua

Lenzi laini huzoeleka upesi na huwafaa wengi wasioona mbali. Baadhi huvaliwa siku moja na kutupwa. Hizi ni salama zaidi kwa usafi, lakini gharama yake ni kubwa. Lenzi ngumu zinazopitisha gesi huhitaji siku kadhaa za kuzizoea. Faida yake huonekana pale konea inapokuwa na umbo lisilo la kawaida, kwa mfano inapochongoka kama pia. Machozi hujaza nafasi iliyo kati ya lenzi na konea, na nuru hukutana na uso laini wa lenzi badala ya uso wenye kasoro.

Namba ya miwani haitoshi

Mwanafunzi anayevaa miwani ya dayopta −6 asidhani kwamba lenzi zake za jichoni zitakuwa za −6 pia. Urefu wa fokasi wa miwani hiyo ni sm 100 ÷ 6, yaani sm 16.7. Miale itokayo mbali hutawanywa kana kwamba inatoka katika nukta iliyo sm 16.7 mbele ya miwani. Ikiwa miwani iko sm 1.2 mbele ya konea, nukta hiyo iko sm 17.9 kutoka kwenye konea. Kwa hiyo lenzi inayogusa konea yahitaji dayopta 100 ÷ 17.9, yaani −5.6 hivi.

Aidha, mtaalamu wa macho hupima mviringo wa konea na hali ya machozi. Lenzi inayobana huzuia machozi kupita chini yake, na iliyolegea hutelezateleza na kukwaruza. Ndiyo maana hata lenzi za rangi zinazovaliwa kwa urembo zisinunuliwe bila kupimwa, wala mtu asiazime za mwenzake.

Utunzaji

Adui mkubwa wa mvaaji ni vijidudu. Bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa aweza kusababisha kidonda cha konea kinachoenea kwa saa chache. Acanthamoeba, amiba aishiye katika maji na udongo, hupatikana hata katika maji ya bomba, na ugonjwa wake huchukua miezi mingi kutibiwa. Kidonda hata kikipona, kovu lake laweza kuzuia nuru daima.

Kwa hiyo mvaaji yampasa:

1. Kunawa mikono kwa sabuni na kuikausha kabla ya kugusa lenzi.
2. Kusugua, kusuuza na kuhifadhi lenzi katika dawa maalumu. Kamwe si katika maji ya bomba, ya kisima au mate. Maji ya chumvi peke yake hayaui vijidudu.
3. Kumwaga dawa iliyotumika, bila kuiongezea mpya juu yake.
4. Kubadili kikopo cha lenzi kila baada ya miezi mitatu.
5. Kuzivua kabla ya kulala, kuoga au kuogelea. Kope zikifumbwa oksijeni hupungua, na hatari ya kidonda huongezeka mara kadhaa.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likichukia mwanga au likiona ukungu, lenzi ivuliwe mara moja na mgonjwa aende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Aichukue lenzi na kikopo chake, kwani vyaweza kusaidia kutambua kijidudu. Asijitilie dawa yoyote kwa kubahatisha.

Asiyeweza kupata dawa ya kusafishia wakati wote, au anayeishi penye vumbi jingi, atafadhiliwa zaidi na miwani. Hata mvaaji wa lenzi hana budi kuwa na miwani ya akiba, ili siku jicho linapohitaji kupumzika asilazimike kulitesa.

Zoezi: Miwani ya dayopta −8 iko sm 1.2 mbele ya konea. Tafuta nguvu ya lenzi ya kuvaa jichoni. (Jibu: −7.3 hivi.)