Kabla ya Kupeleka Mablanketi Namatala

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale, Uganda. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, nyumba zikasombwa, na mabomba yakaharibika kiasi kwamba mji uliojaa maji ukawa unahangaika kutafuta maji ya kunywa. Balaa kama hilo likitokea, kampuni hufika na unga, mablanketi na mpiga picha. Hakuna ubaya. Aliyelala kwenye matope anataka blanketi leo. Ila mwenye kampuni anayetaka kuwa na faida kwa majirani zake mwaka hadi mwaka ana kazi nyingine, tena haina picha nzuri: inaanzia ndani ya geti, kwenye daftari la mishahara.

Namatala ni mtaa wa pembezoni mwa Mbale. Wagisu, Waiteso, Wakaramoja na wengine wengi wamebanana humo, na riziki ya wengi ni ya kutwa: kubeba magunia, kufulia watu nguo, kupika na kuuza pombe ya kienyeji. Bondeni kuna mashamba ya mpunga yanayonyweshwa na mto wenye jina hilohilo. Mji nao unazidi kupata viwanda, hasa tangu eneo la viwanda la Wachina lilipozinduliwa mwaka 2018.

Tuseme basi kuna bwana mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga, ana watu kama thelathini, na mwaka huu biashara imemwendea vizuri. Anataka kurudisha kwa jamii. Amekwishawaza madawati ya shule na fulana zenye nembo.

Kwanza amwite mhasibu. Katika hao thelathini, ni wangapi wanaochangiwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF? Zamani mwajiri mwenye watu wachache aliweza kukaa pembeni, lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yanamtaka kila mwajiri ajiandikishe, hata kama ana mfanyakazi mmoja: mwajiri anatoa asilimia 10 ya mshahara, mfanyakazi anakatwa 5. Mara nyingi jibu la mhasibu ni karani, dereva na fundi mashine. Wabeba magunia wameitwa vibarua miaka nenda miaka rudi, ingawa wanaingia kazini alfajiri kila siku iendayo kwa Mungu. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii, na hapa ndipo tabasamu la bosi hupotea. Alikuja kutoa sadaka, anaondoka akijua ana deni.

Mshahara wenyewe je? Atasema analipa kwa mujibu wa sheria, na huenda ni kweli, maana kima cha chini cha Uganda kiliwekwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, rais akakataa kuutia saini. Sheria ikiwa imelala hivyo, kampuni ijiwekee kiwango chake. Njia nyepesi ni kukaa na wafanyakazi na kupiga hesabu ya kodi ya chumba Namatala, posho ya unga na maharagwe, ada na chakula cha mchana cha mtoto shuleni. Humo humo watazungumzia likizo, kwa sababu Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama aliyejifungua siku 60 za kazi kwa mshahara kamili na baba siku 4, na wengi wao hawajawahi kuisikia.

Halafu mizani. Mkulima ametoka bondeni na gunia juu ya boda boda, anaambiwa mpunga una unyevu, anakatwa kilo. Nani amepima huo unyevu? Karani ameibana punje kwenye meno, akatikisa kichwa. Kununua kipima unyevu, kuiweka mizani mahali mkulima anapoiona, kuhakikisha imekaguliwa na shirika la viwango, UNBS, na kumlipa siku ileile kwa simu: kwa mkulima huyo, hayo yana thamani kuliko fulana mia.

Nyuma ya mashine kuna jambo linalohusu mtaa mzima. Makapi ya mpunga hujaa haraka, na pa kuyamwaga panapoonekana rahisi ni ukingo wa mto. Mvua kubwa ikija, yanakwenda kuziba mitaro ya watu walewale wanaopelekewa mablanketi. Wachoma matofali na wafugaji wa kuku wanayahitaji; kinachotakiwa ni turubai, ratiba na mtu mmoja wa kusimamia. Kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, kilichoanzishwa na ukoo wa Madhvani mwaka 1930, kina hospitali na shule zake, na wageni husimuliwa hayo. Mimi huvutiwa zaidi na makapi ya miwa: yanachomwa kuzalisha umeme, kiwanda kinajitosheleza, unaobaki unauzwa kwenye gridi ya taifa.

Jinja ina mfano mwingine. Mwaka 2002 kampuni ya bia ya Nile Breweries ilitoa Eagle Lager, bia ya mtama aina ya Epuripur uliotokana na kituo cha utafiti cha Serere. Wakulima wa mashariki na kaskazini walipata mnunuzi anayejulikana kabla ya kupanda. Kampuni ilipunguza utegemezi wa shayiri kutoka nje, na serikali ikashusha ushuru wa bia hiyo. Hakuna aliyeita hiyo sadaka, na ndiyo sababu imedumu: kila upande ulikuwa na chake. Lakini siimezi yote. Pombe ni pombe, na Namatala inajua bei yake ndani ya nyumba. Kiwanda cha bia kinachojivunia wakulima wake wa mtama kiweke hesabu ya walevi kwenye ripoti hiyohiyo.

Zikibaki fedha za kutoa nje ya geti, swali ni nani anaamua zitumikeje. Ushirika wa kahawa wa Gumutindo, wenye makao Mbale, unauza arabika ya Mlima Elgon kwa mfumo wa Fairtrade. Katika mfumo huo mnunuzi huongeza senti 20 za dola kwa kila ratili ya kahawa, na wanaopigia kura matumizi ya nyongeza hiyo ni wakulima wenyewe. Mwenye mashine yetu anaweza kuiga kwa kiwango chake: wafanyakazi wawili, mkulima mmoja, mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC1) na mama mmoja wa mtaani, wenye mamlaka ya kumkatalia bosi.

Huyo mama si wa kutafutwa mbali. Karibu na mashine za nafaka utawakuta akina mama wamechutama na ungo, wakipepeta punje zilizomwagika na mchanga wake, watoto wakiwa kando saa za shule. Jawabu la haraka la mameneja ni askari na fimbo, ili ukaguzi ukija pawe safi. Ungewauliza wao, wangesema wanataka kibarua cha kufagia na kupepeta kwa malipo, na mlo wa shule wa watoto ulipwe moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya yale madawati.

Mhasibu asisahau stakabadhi. Sheria ya kodi ya mapato ya Uganda inaruhusu michango kwa taasisi zilizosamehewa kodi kuondolewa kwenye mapato yanayotozwa, mradi isizidi asilimia 5 ya mapato hayo. NSSF, mizani na turubai la makapi visiingizwe humo. Hizo ni gharama za kawaida za biashara, ziandikwe kwenye bajeti pamoja na dizeli na vipuri, ili mwaka wa hasara ukija zisiwe za kwanza kufutwa.