Mkeka wa Ukindu na Makovu ya Bwana



Siku hizi picha nzuri inapatikana kwa sekunde. Unaandika maneno mawili matatu kwenye simu, akili mnemba inakuletea sura isiyo na chunusi wala kovu. Shida inaanza pale unapojiangalia kwenye kioo, ukajiona wewe ndiye uliyekosewa.

Twende kidogo Kibiti na delta ya Rufiji. Kule akina mama wanasuka mikeka ya ukindu. Majani yanakatwa, yanaanikwa, yanachanwa membamba, mengine yanatiwa rangi. Kisha wanasuka ukili, yaani ule mkanda mrefu, na kuushona ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ukamilike. Ni kazi ya siku nyingi. Ukitazama vizuri utaona mahali rangi imefifia, na mahali mkono ulikaza zaidi. Mkeka wa plastiki wa kiwandani hauna hayo. Ukiuona mmoja, umeiona yote. Huu wa ukindu una siku za mtu ndani yake.

Tusielewane vibaya, hapa hatusifii uzembe. Msukaji mzuri akikosea anafumua, anarudia. Tunasema alama zinazobaki hata baada ya mtu kujitahidi kwa moyo wote. Wala mashine si dhambi: Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alitumia kompyuta kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Alikuwa na kitu chake moyoni, kompyuta ikambebea tu.

Sasa fungua Yohane 20:24-29. Yesu amefufuka, kifo hakimuwezi tena. Angeweza kurudi na mwili usio na alama yoyote. Lakini anamwonyesha Tomaso mikono yenye alama za misumari na ubavu uliochomwa, na hapo hapo Tomaso anamkiri kuwa Bwana wake na Mungu wake. Yeye aliye mkamilifu kuliko wote amebaki na makovu, maana yanaonyesha alivyotupenda. Mtume Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake. Mwiba ulibaki, ila akahakikishiwa kuwa neema inamtosha (2 Kor 12:7-10).

Basi kama una kigugumizi, soma somo hivyo hivyo. Kama una kovu usoni, piga picha na wenzako wa VIWAWA bila kulificha. Na wiki hii usiiombe programu ikutungie sala. Andika yako kwa mkono, hata mistari mitatu yenye makosa ya herufi. Mungu anataka kukusikia wewe.

Jiulize:
1. Ni kitu gani kwangu ninachokificha kwa aibu?
2. Nani alinifanyia kitu kwa mikono yake, nami sijamshukuru?

Tuombe: Bwana Yesu, uliyehifadhi makovu yako katika utukufu, nifundishe kuyapokea yangu, na kuheshimu kazi ya mikono ya wengine. Amina.