Gurudumu la mkia: kifaa kidogo kinachokula kodi ya slasha

Biashara ya kukodisha trekta katika wilaya za Mbinga na Nyasa haifanani na ile ya Mbarali au Kiteto. Upande wa juu, Umatengoni, milima ni mikali na mashamba ya ngoro hayaingiliki kwa trekta. Mwenye chombo hutegemea sehemu za tambarare: viwanja vya shule na misheni, maeneo ya wazi kandokando ya mashamba ya kahawa, na chini zaidi ukanda wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay. Mvua za huko huanza mwezi Novemba na kukatika Aprili au Mei. Zikikatika, nyasi huwa zimempita mtu kimo, na trekta ambalo limemaliza kulima laweza kuendelea kuingiza fedha kwa kufungwa slasha, yaani mashine ya kufyekea inayozungusha visu chini ya bati kwa nguvu ya propela ya trekta.

Mfanyabiashara anayeingia katika kazi hii kwa kawaida huchunguza injini, haidroliki na matairi ya trekta. Kwenye slasha hutazama visu na giaboksi, basi. Nyuma kabisa ya mashine kuna gurudumu dogo linalogeuka huku na huku kama la toroli la dukani. Hapa litaitwa gurudumu la mkia, lisije likachanganywa na magurudumu ya nyuma ya trekta. Ndilo linalobeba sehemu ya nyuma ya mashine yenye uzito wa kilo 200 hadi 400, na ndilo linaloamua nyasi zikatwe kwa kimo gani.

Hasara yake huonekana kwenye hesabu. Slasha ya futi 5 hukata upana wa mita 1.5. Trekta likienda kilomita 4 kwa saa, hupita mita za mraba 6,000. Ukiondoa sehemu ya tano kwa ajili ya kugeuza na kupandanisha mistari, inabaki ekari moja na kidogo kwa saa. Kwa siku ya saa tano za kazi halisi, ni ekari 6. Tuseme kwa mfano tu kwamba mteja hulipa shilingi 50,000 kwa ekari, na dizeli, dereva na uchakavu huchukua 30,000. Mwenye trekta anabakiwa na shilingi 120,000 kwa siku. Uma wa gurudumu ukikatika Mbamba Bay na kipuri kikafuatwa Songea, safari ya kilomita zaidi ya 160, siku tatu zikipotea ni shilingi 360,000, mbali na nauli, fundi wa kuchomelea na chakula cha dereva aliyekaa bure. Lami iliyofika Mbamba Bay mwanzoni mwa miaka ya 2020 imefupisha safari, lakini haikuleta duka la vipuri vya slasha ufukweni.

Kosa linalogharimu zaidi ni kununua gurudumu jipya kabla ya kujua la zamani liliharibiwa na nini. Mara nyingi gurudumu ndilo linaloumia, lakini ugonjwa uko kwingine.

Dalili ya kwanza ni kuyumba. Gurudumu hutikisika haraka kushoto na kulia trekta linapoongeza mwendo, na bati la nyuma hulia. Mashine ikiwa imeinuliwa na kuwekewa magogo imara chini yake, fundi ashike uma kwa mkono mmoja na kutikisa gurudumu kwa mwingine. Likicheza, tatizo ni ekseli, bushi zake au beringi. Lisipocheza, ashike uma wenyewe na kuusukuma huku na huku ndani ya bomba unamogeukia. Ukicheza hapo, bushi za bomba zimekwisha, na gurudumu jipya litayumba vilevile. Gharama za matengenezo haya mawili ni tofauti kabisa, na jaribio linachukua dakika mbili.

Kama hakuna kinachocheza, itazamwe timazi. Mashine ikiwa katika kimo cha kazi, bomba la kugeukia linatakiwa kusimama wima. Kichwa cha bomba kikilala kuelekea nyuma, mbali na trekta, uzito wa mashine wenyewe hulisukuma gurudumu ligeukie pembeni, nalo huanza kuyumba hata kama vipuri vyote ni vipya. Hapo dawa ni kupanga upya mlalo wa mashine, au kunyoosha mkono uliopinda.

Dalili ya pili ni kinyume chake: gurudumu halitaki kugeuka. Trekta likikata kona, tairi huburuzwa ubavu, hulika upande mmoja na kuacha mfereji ardhini. Sababu karibu daima ni kutu na ukosefu wa grisi. Ufukweni huongezeka mchanga, ambao ukichanganyika na grisi ya zamani husaga bushi kama msasa. Kwa hiyo huko grisi isukumwe kila siku ya kazi mpaka ile chafu itoke nje, kisha ifutwe. Kuongeza tu juu ya uchafu ni kuongeza msasa. Umatengoni adui ni udongo mwekundu wenye maji, unaojaa ndani ya uma na kuzuia tairi lisizunguke. Dawa yake ni kijiti na subira.

Dalili ya tatu, na ndiyo yenye gharama kubwa, ni ufa kwenye mkono unaounganisha gurudumu na bati. Fundi huchomelea, wiki mbili baadaye ufa unarudi pembeni ya weldi ileile. Mwenye trekta humlaumu fundi. Afadhali kwanza akae kandoni mwa shamba amtazame dereva wake kwa nusu saa. Dereva anayerudi kinyumenyume au kukata kona kali mashine ikiwa chini huupinda mkono huo kila mara. Anayeishusha kwa kishindo huugonga. Yupo pia anayepita mifereji na matuta huku mkono wa juu wa trekta umekazwa bila nafasi: magurudumu ya nyuma ya trekta yakitumbukia, sehemu kubwa ya uzito huangukia gurudumu moja dogo. Mashine nyingi zina kiungo chenye mchezo au mnyororo mahali hapo, ili ziweze kufuata mabonde ya ardhi zenyewe. Ukiona kiungo hicho kimechomelewa kisicheze, chanzo cha ufa kimepatikana.

Kuhusu ukataji usio sawa, mambo ni mepesi zaidi. Upande mmoja ukibaki juu, gurudumu la mkia halihusiki. Mikono miwili ya chini ya trekta haiko sawa, au tairi moja la trekta lina upepo mdogo. Mbele na nyuma ndiko gurudumu linakohusika. Kwenye sakafu tambarare, ukingo wa mbele uwe chini kuliko wa nyuma kwa sentimita moja au mbili. Nyuma ikiwa chini zaidi, visu hukata nyasi zilezile mara ya pili na trekta hula dizeli zaidi. Wapo wateja wanaopenda nyasi zilizosagwa hivyo, hasa wanaotaka kutandaza shambani. Hao wapewe, kwa bei yake.

Kishawishi kikubwa barabarani ni kufunga gurudumu la toroli la ujenzi ili kumalizia kazi. Kwa nusu siku kwenye uwanja wa mpira linaweza kupita. Kwenye visiki halifai, kwa kuwa rimu na bushi zake hazikutengenezwa kwa uzito huo, na tairi la upepo hutobolewa na mashina ya vichaka yaliyokatwa mshazari. Tairi gumu la mpira, au lililopangwa kwa vipande vya matairi ya magari vilivyobanwa pamoja, huhimili zaidi. Kwenye mchanga wa ziwani litafutwe pana, kwani jembamba huzama, na likizama nyuma ya mashine hushuka nalo.

Jambo moja halina mjadala. Kabla ya mkono wa mtu kufika chini ya bati, injini izimwe na ufunguo utolewe. Visu huendelea kuzunguka kwa muda baada ya propela kuachiwa, na haidroliki peke yake haishikilii uhai wa mtu, magogo yawekwe. Wakati wa kazi watu wakae makumi ya mita mbali, kwa sababu slasha hurusha mawe, na viwanja vya shule vina watoto na mawe vyote kwa wingi.

Kwa anayefikiria kununua slasha iliyotumika, gurudumu la mkia husema mengi kuliko rangi mpya. Tairi lililolika upande mmoja ni ushahidi wa bomba lililoshika kutu. Tabaka mbili tatu za weldi kwenye mkono zinaeleza aina ya dereva, na aliyetendea mkia hivyo huenda hakuiachia giaboksi salama. Muuzaji aombwe aifunge mashine kwenye trekta, aishushe na kuizungusha duara moja mbele ya mnunuzi. Gharama ya bushi, ekseli na mkono mpya iulizwe kwanza Songea, ndipo ikatwe kwenye bei. Na kwa kuwa wateja wengi wa Mbinga hushika fedha za kahawa baada ya mavuno yanayoanza katikati ya mwaka, wakati nyasi hufyekwa kabla yake, mnunuzi abakize fedha ya seti moja ya bushi na ekseli mkononi, maana kodi ya Mei huenda ikalipwa Septemba.